Dawa ya Deni ni Kulipa

Wajukuu zangu wa Idjwi mnaosoma hapa Bukavu,

Mliniuliza juzi: «Koko, kuna faida gani kuidai serikali ambayo haijawahi kutusikia?» Mmoja wenu akadakia kwamba afadhali kungoja shirika lingine lije na mradi wake. Sikuwajibu siku ile, maana swali lilikuwa kubwa kuliko chai tuliyokuwa tunakunywa. Leo nawajibu kwa maandishi, ili na wenzenu waliobaki Bugarula na Monvu wasomewe.

Jibu langu ni hili. Anayekusanya kodi ana deni, na dawa ya deni ni kulipa. Lakini mdai asiye na daftari hulipwa maneno matupu. Mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Kwanza mjue kwamba mnachodai ni chenu. Mimi si mtoto wa kisiwa. Nilioa huko, na kwa miaka mingi nimevuka Ziwa Kivu kwenda kuwasalimu wakwe zangu. Nimeona jinsi Idjwi inavyolisha miji. Mananasi yanayouzwa hapa Nyawera na kule Kadutu, mengi yamevuka maji. Ndizi, maharagwe, sambaza wanaovuliwa usiku kwa taa, kahawa inayokwenda kunywewa ng'ambo ya bahari, vyote vinatoka kwa jembe na wavu wa wazazi wenu. Miongoni mwa visiwa vya maziwani barani Afrika, Idjwi ni cha pili kwa ukubwa baada ya Ukerewe, na watu wake wanakadiriwa kupita robo milioni. Ni teritware kamili ya Kivu Kusini, yenye sheferi mbili: Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Watu wengi hivyo hawaombi sadaka wanapoomba gati, dawa na mwalimu.

Simameni siku moja bandarini alfajiri mtazame. Mama anashuka na kitunga cha mananasi, mtoto mgongoni. Amekwisha kulipa upande wa kisiwa kabla ya kupakia. Huku anaulizwa tena: huyu anataka ya soko, yule anataka ya usafi, wa tatu hana kofia wala beji lakini naye ananyoosha mkono. Mama anafungua fundo la kitenge, anatoa noti za faranga zilizokunjwa mara nne, anapewa kipande cha karatasi, jeton, chenye muhuri uliofifia. Jioni karatasi ile inawashia moto wa kupikia. Ushahidi wa deni unateketea chini ya sufuria, na kesho yake tunalalamika kwamba serikali haitujui.

Basi jambo la kwanza ninalowaomba ni kununua daftari. Waambieni mama na shangazi zenu wasitupe jeton. Zibandikeni kwa mpangilio wa siku, na kando yake muandike tarehe, mahali, kiasi na huduma iliyotajwa kwenye karatasi. Fedha ikitolewa bila karatasi, iandikeni vilevile: «bila karatasi». Mwisho wa mwezi jumlisheni. Mtu akiwaambia kwamba Idjwi haichangii kitu, msigombane naye. Fungueni daftari.

Habari ya kahawa mnaijua kuliko mimi, ila wadogo zenu hawaijui. Kwa miaka mingi wakulima wa kisiwani walipakia magunia usiku ndani ya mitumbwi, wakapiga kasia hadi Rwanda, kwa sababu huku ushuru ulikuwa mzito, wanunuzi wa kuaminika hawakufika, na vituo vya kuoshea kahawa havikuwapo. Ziwa likichafuka usiku halichagui mtu. Wanaume wengi hawakurudi, na kisiwa kikajaa wajane. Mambo yalianza kugeuka pale wakulima walipojiunga katika ushirika kama CPNCK, wakajenga vituo vya kuoshea, wakatafuta wenyewe wanunuzi wa nje. Wakubwa walikuwa wakiita biashara ile magendo, na kwa sheria ilikuwa magendo kweli. Lakini mtu haachi njia ya mchana akashika ya usiku isipokuwa ya mchana imemshinda. Yeyote aliyehesabu magunia yaliyotoroshwa alipaswa pia kuwahesabu wajane.

Pili, mjue mlango wa kubisha. Wengi wetu tunasema «serikali» kana kwamba ni mtu mmoja anayekaa Kinshasa. Ndiyo maana tunapiga kelele na hakuna anayegeuka. Kila afisa anadhani anaitwa mwenzake. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 kuhusu maeneo yaliyogatuliwa, zimegawa kazi. Sheferi ni eneo lililogatuliwa: inatambuliwa na sheria kama taasisi inayojitegemea, ina bajeti yake na kodi zake. Kwa hiyo swali la soko, la choo cha soko, la njia ya udongo kati ya kijiji na kijiji, huanzia kwa Mwami, mkuu wa sheferi, na ofisi yake. Msiogope kumuuliza Mwami. Mtu anaweza kupiga magoti na bado akauliza hesabu. Teritware haina bajeti ya namna hiyo. Yule tunayemwita AT, yaani mkuu wa teritware, anaiwakilisha serikali kuu, anasimamia usalama na kuratibu huduma. Mkimuuliza kwa nini hajajenga soko, atawaonyesha mikono mitupu, na safari hiyo atakuwa anasema kweli. Dawa na wauguzi ni mambo ya zoni ya afya na idara ya afya ya jimbo. Walimu wana idara yao. Usalama wa boti una idara ya usafirishaji na polisi wa ziwani.

Fedha nazo zina njia yake. Kifungu cha 175 cha katiba kinasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ni fungu la majimbo, likatwe palepale mapato yanapoingia. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba asilimia 40 ya fungu hilo la jimbo ni haki ya maeneo yaliyogatuliwa, sheferi zikiwemo. Hiyo ndiyo retrosesyo mnayoisikia redioni, ambayo kila anayeitaja analalamika kwamba haifiki, au inafika pungufu na kwa kuchelewa. Basi ulizeni pande zote mbili. Jimbo liulizwe: mwaka huu mmezipa Rubenga na Ntambuka kiasi gani? Sheferi ziulizwe: mmepokea kiasi gani? Mkipewa majibu mawili yasiyolingana, mmempatia mbunge wenu kazi ya kufanya.

Na mbunge huyo mumjue kwa kazi yake. Hakuchaguliwa ili apeleke mchele na chumvi misibani. Bunge la jimbo lina haki ya kumuuliza waziri swali la mdomo au la maandishi, kumwita ajieleze, na kuunda tume ya uchunguzi. Mwandalieni swali lenyewe likiwa limekamilika, mkampe mkononi, kisha mumuulize atalisoma siku gani. Kumbukeni pia kwamba kwa mujibu wa sheria sheferi inapaswa kuwa na baraza lililopigiwa kura na wananchi, lakini hata uchaguzi wa Desemba 2023 ulipita bila kura hiyo kupigwa kisiwani. Kiti cha kumwangalia Mwami karibu kiko wazi. Hilo nalo ni la kuuliza.

Tatu, daini kitu chenye kipimo. «Tunataka maendeleo» ni maneno mazuri ya wimbo. Sijamwona afisa aliyekosa usingizi kwa sababu yake.

Chukueni mfano wa boti. Aprili 2019 boti iliyotoka Goma ilizama upande wa Kalehe. Rais Félix Tshisekedi alitaja watu wapatao 150 waliopotea, akaja mwenyewe kuwapa pole wafiwa, na amri ikatoka kwamba kila abiria wa ziwani avae jaketi la kuokolea. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ikazama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka ufukoni. Vita vilikuwa vimeifunga barabara, na wasafiri wote wakawa wamebanana majini. Gavana wetu wa wakati huo, Jean-Jacques Purusi, alisema ndani mlikuwa na watu 278, na kwamba 78 wamekufa. Kati ya msiba wa kwanza na wa pili kuna miaka mitano na nusu, na amri ya Rais. Amri ile ilikwenda wapi?

Mkiuliza «kwa nini serikali haitujali?» mtaambiwa kwamba serikali inawajali sana. Ulizeni hivi. Nani anahesabu abiria kabla boti haijang'oa nanga? Hesabu hiyo anaiandika kwenye karatasi ipi, na karatasi inabaki kwa nani? Ndani kuna majaketi mangapi, na ya watoto ni mangapi? Nani ana mamlaka ya kuizuia boti iliyojaa kupita kiasi, na mara ya mwisho aliizuia lini? Swali hilo la mwisho ndilo lenye meno. Mwenye mamlaka akiwa hajawahi kuizuia boti hata moja, ama boti zote za Kivu ni salama, ama yeye hafanyi kazi yake. Sote tunajua lipi ni kweli.

Tena msisahau wasafiri ambao hawajapanda hata hiyo boti kubwa. Mwanamke akishikwa na uchungu katika kijiji cha mbali, na mkunga akagusa tumbo akaona mtoto amekaa vibaya, anabebwa kwa kipoyi, yaani machela, hadi ufukoni, vijana wakipokezana kwenye utelezi. Akifika pale anangoja. Anatafutwa mwenye mashine ya boti. Mafuta yanachangwa noti kwa noti, huyu mia tano, yule elfu, na baba wa mtoto anakwenda nyumba hadi nyumba huku akiliangalia wingu. Muda huo wa kuchanga mafuta ndio unaoua, na ndio mnaopaswa kuudai. Msiandike «tunaomba hospitali ya kisasa». Andikeni: tunadai boti ya wagonjwa, yenye mafuta ya akiba, yenye nahodha anayelipwa mshahara, na namba ya simu inayoitikiwa usiku wa manane. Dai la namna hiyo mtu anaweza kulitimiza au kulikataa, na akilikataa kila mtu atajua amekataa nini.

Shuleni fanyeni vilevile. Kifungu cha 43 cha katiba kinasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali imetangaza kuitekeleza. Lakini mnajua kwamba darasa linaweza kuwa na mwalimu aliye kwenye orodha ya mishahara, mwingine ambaye ni NU, yaani nouvelle unité, na bado anangoja kuingizwa humo, na wa tatu ambaye ni NP, yaani non payé, na halipwi kabisa. Mzazi anaambiwa shule ni bure, kisha anaombwa kitu kidogo ili mwalimu apate kula. Ombeni orodha ya shule moja tu: walimu wangapi, nani analipwa, nani halipwi, tangu lini. Shule moja iliyoandikwa vizuri ina nguvu kuliko kilio cha kisiwa kizima.

Mwaka 2022 ulianza mpango wa serikali wa maendeleo ya teritware zote 145 za nchi. Uliahidi shule, vituo vya afya na majengo ya ofisi, na utekelezaji ukagawiwa wakala watatu: BCeCo, PNUD na CFEF. Idjwi imo katika hizo 145. Basi nendeni mkaulize: yalipangwa majengo mangapi kisiwani, vijiji gani, mkandarasi ni nani, kazi imefika wapi? Mkikuta msingi uliomea majani, pigeni picha. Mkikuta shule iliyoezekwa na watoto wamo ndani, pigeni picha pia, na mshukuru hadharani. Mdai mwaminifu huandika hata kilichokwisha lipwa. Ndipo anaposema kwamba kingine bado, anasadikiwa.

Nne, andikeni barua. Katika nchi yetu mtu anaweza kupiga kelele miaka kumi na ofisi ikasema haijawahi kupokea malalamiko. Kifungu cha 27 cha katiba kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kinasema pia kwamba hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kufanya hivyo. Kifungu hicho kikaririni kama mnavyokariri sala. Barua iwe ya ukurasa mmoja, jambo moja. Mpeleke nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine irudi nanyi ikiwa na muhuri wa kupokelewa, tarehe na saini ya karani. Karani akikataa kupiga muhuri, msibishane naye. Rudini na watu wawili wazima, muandike kwamba siku fulani saa fulani alikataa, nao watie saini. Kisha hesabuni miezi mitatu. Siku inayofuata mwandike barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza: «Tuliandika tarehe fulani, muda wa kifungu cha 27 umepita, tunasubiri jibu.» Nakala moja ipelekeni kwa mbunge, moja kwa mashirika ya raia, moja Radio Maendeleo. Msianze na redio. Afisa aliyeaibishwa kabla ya kuulizwa hupata kisingizio; aliyeulizwa mara mbili kwa muhuri hana pa kujifichia.

Mtasema haya ni ya nchi za wenzetu. Wenzetu nao ni watu wa maji kama sisi. Zanzibar, boti ya MV Skagit ilipozama Julai 2012, chini ya mwaka mmoja baada ya msiba wa MV Spice Islander, waziri aliyehusika na usafiri, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu. Kule Ukerewe, kivuko cha MV Nyerere kilichoundwa kubeba watu 101 kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na watu 228 wakafa. Rais Magufuli wa Tanzania aliivunja bodi ya wakala wa serikali uliokiendesha. Mambo hayo yalikuja baada ya makaburi, nami sitaki mngoje makaburi. Ndiyo maana mfano ninaoupenda zaidi ni wa Lamu. Wavuvi wa visiwa vile walifungua kesi mwaka 2012 juu ya bandari mpya iliyokuwa inajengwa kwenye maji yao bila wao kushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu, Malindi, iliamua kwamba haki zao zimevunjwa, ikaagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Baada ya hukumu kulikuwa na rufaa na mazungumzo marefu, fedha hazikushuka siku ile. Ila tazameni: miaka sita watu wale hawakuliacha jambo lao. Wengi wetu huchoka mwezi wa pili.

Tano, nendeni pamoja, na mchunguze ni nani mnayekwenda naye. Barua ya wanafunzi peke yao itaitwa ya watoto. Iwe na saini ya mama wa soko, ya mvuvi, ya mkulima wa kahawa, ya mchungaji na padri, na ya Bambuti wa kisiwa chenu, ambao mara nyingi hukumbukwa tu mgeni anapotaka kupiga picha. Wajane muwaweke mbele, si kwa ajili ya machozi yao, bali kwa sababu wanajua bei ya kila kitu. Atakuja mwanasiasa mwenye fulana na kofia, atataka barua ibebe jina lake. Mshukuruni, mpeni nakala kama wengine. Atakuja mwingine na bahasha ya «usafiri». Bahasha hiyo ni jibu la barua yenu, ila limeelekezwa mfukoni mwa mtu mmoja. Ikipokelewa, dai limekufa, na aliyeipokea hataweza tena kumtazama mama yule wa kitunga usoni.

Sita, muwashukuru wanaosaidia bila kuwaachia kazi ya serikali. Daktari Jacques Sebisaho, mzaliwa wa Idjwi, alirudi nyumbani na shirika lake akawafungulia watu wa kisiwa mahali pa kutibiwa, na wengi wako hai kwa sababu hiyo. Mungu ambariki. Lakini siku afisa atakapowaambia, «Mbona kule mna daktari wa shirika?» mjibuni kwa upole kwamba ukarimu wa mtu mwema haufuti deni la mwingine. Shirika linaweza kufunga mlango kesho, wafadhili wake wakichoka. Dola halina ruhusa ya kuchoka. Wenye shirika wakiwa waaminifu, nao watafurahi mkidai serikali ilipe wauguzi.

Sasa nifike pagumu, maana najua mnangoja nipakwepe. Tangu Februari 2025, kundi la M23 lilipoingia Bukavu, mji una watawala wengine, na serikali ya Kinshasa ina gavana wake mahali pengine. Mmeniuliza: tumdai nani? Nawajibu kwa kanuni ileile. Anayesimama ufukoni na kupokea fedha ya mama yenu, huyo muulizeni fedha hiyo inafanya nini. Mwenye katiba mkononi na anayesema nchi ni yake, huyo pia mwandikieni, hata kama hawezi kufika leo. Deni halifutiki kwa mdeni kuhama nyumba. Katika barua zenu msitaje bendera. Tajeni dawa, mafuta ya boti, majaketi na walimu. Mgonjwa hana upande.

Ila muwe na akili. Mimi naishi Nyawera. Hapa hapa, tarehe 29 Oktoba 1996, ndipo alipouawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, mtu aliyekuwa amesema kweli mpaka mwisho. Miaka michache baadaye, Februari 2000, aliyemrithi, Emmanuel Kataliko, alizuiwa na watawala wa RCD, kundi lililoushika mji wakati ule, kurudi Bukavu, akapelekwa Butembo, kwa sababu alisema hadharani jinsi watu wanavyonyang'anywa. Wakristo na mashirika ya raia wa mji huu walidai arudi, hawakunyamaza, na Septemba mwaka ule akarudi kwenye kiti chake, ingawa aliishi wiki chache tu baada ya hapo. Wazee hao wawili nawataja ili mjue kwamba neno la kweli lina uzito katika mji huu, na kwamba uzito huo unaweza kumwangukia mtu. Sitaki jina la mmoja wenu likae peke yake chini ya karatasi yoyote. Barua itoke kwa ushirika, kwa parokia, kwa chama cha akina mama. Asili ya daftari ikae kwa mtu mmoja, nakala kwa mwingine, na wa tatu awe na picha kwenye simu. Msiende ofisini jioni. Msijibu matusi. Mahali ambapo kuuliza kunaweza kumtoa mtu roho, endeleeni kuandika daftari tu. Siku ya kuuliza itakuja, nanyi mtakuwa na hesabu ambayo hakuna atakayeweza kuipinga.

Najua mtaona njia hii ni ya polepole, na damu yenu inachemka. Nimeona maandamano mengi hapa mjini. Mengine yalikuwa ya haki kabisa. Yakiisha, watu wanarudi nyumbani na koo kavu, na afisa anafungua dirisha lake tena kana kwamba hakukuwa na kitu. Waliopata kitu ni wale waliorudi asubuhi iliyofuata, na iliyofuata tena, na karatasi mkononi.

Msichukue mambo haya yote kwa pamoja. Chagueni moja, nami nasema iwe boti ya wagonjwa, kwa sababu kila nyumba ya kisiwani ina mtu aliyewahi kuingoja. Likizo hii mkirudi, kaeni na wakunga na wauguzi wa vijiji vitatu au vinne. Waulizeni ni mara ngapi mwaka huu walimbeba mtu hadi ufukoni, alingoja muda gani, mafuta yaligharimu kiasi gani, aliyefika na asiyefika. Msiandike majina ya wagonjwa. Halafu tungeni barua ya ukurasa mmoja, kwa Kifaransa kwa ajili ya ofisi, na kwa Kiswahili na Kihavu ili isomwe sokoni na kanisani kabla watu hawajatia saini. Mtu asisaini asichokielewa. Mkiwa tayari nileteeni rasimu. Makosa ya Kifaransa nitayasahihisha bure, lakini sitaisoma barua isiyofuatana na daftari.

Ni mimi, Koko wenu wa Nyawera.